Na Yule Aliye Jikoni, Si Mfanyakazi?

Ndugu zangu wazazi, na khasa nyinyi mama zetu ambao malezi ya wadogo yamo mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwetu, leo nina maneno nanyi, na maneno yenyewe ni machungu kidogo. Lakini asidhani mtu kuwa nimetoka kwangu kwenda kuchungulia ya jirani. Yamezaliwa nyumbani kwangu, mbele ya macho yangu, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu mimi.

Siku ya Jumatano, tarehe 30 Aprili mwaka 2025, mjukuu wangu wa miaka mitano aliamka na furaha kubwa, kwani nasari anayosoma ilikuwa na sherehe ya Leba Dei kabla ya kufunga kwa sikukuu yenyewe. Watoto walitakiwa waje wamevaa mavazi ya kazi ambayo kila mmoja angependa kuifanya atakapokuwa mkubwa. Huyu wetu alikuwa rubani. Shati jeupe, tepe nne mabegani, tai nyeusi, na kofia iliyonunuliwa kwa pesa ambazo sitaki kuzitaja. Saa kumi na moja za alfajiri, nilipokuwa natoka kwenda msikitini, niliona taa ya jikoni inawaka, na yule binti anayetufanyia kazi amesimama mbele ya meza, pasi mkononi, ananyoosha shati la rubani. Niliporudi nilimkuta anachoma mahamri.

Rubani alipokwisha kuvikwa akawa anazunguka sebuleni na kuimba waliyofunzwa skuli, shukrani kwa wafanyakazi wote: daktari, mwalimu, polisi, rubani, wakili. Kisha akasita ghafla, kama wanavyosita watoto, akauliza: "Bibi, na dada ni mfanyakazi?"

Bibi yake akacheka, akamjibu: "La, huyo si mfanyakazi. Huyo ni dada tu, wa hapa nyumbani."

Mtoto akaridhika, akaendelea kuimba. Wakati huo binti mwenyewe alikuwa mlangoni na sinia ya mahamri. Aliiweka mezani, akarudi jikoni. Nami nilikunywa chai yangu wala sikusema neno.

Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka arobaini, na kitu kimoja nakijua kuhusu mtoto wa umri ule: swali lake huwa moja tu, na jibu la kwanza alipewalo ndilo linalokaa. Skuli ilikuwa imemfundisha wiki mbili nzima kuwa wafanyakazi waheshimiwe. Jibu moja la nyumbani likamfundisha kuwa anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, mikono yake haiachi sabuni wala moto, hamo katika hesabu. Basi hilo ndilo neno langu, nalisema mapema nisije nikalizungusha: mtoto mdogo hafundishwi heshima ya mfanyakazi kwa wimbo wala kwa kofia. Hufundishwa na anayoyaona kila siku baina ya wakubwa wake na yule aliye jikoni. Na kama hayo ayaonayo ni dhulma, basi sherehe ile tunayoilipia ni kumfundisha uongo, na tunaomfundisha ni sisi.

Najua wako wenzetu watakaoniandikia kuwa Waislamu wana sikukuu mbili tu, na kwamba hii Leba Dei ni ya makafiri na wakomunisti, basi ya nini kuwafundisha watoto? Hao nitawajibu kwa ufupi, maana mjadala wao ni mwepesi. Idi zetu ni mbili, naam, wala hakuna aliyesema tuswali swala ya Mei Mosi. Hii ni siku ya serikali, ya kupumzika na kukumbuka jambo. Ajabu ni kwamba hao hao wanaoipinga, siku yenyewe ikifika hufunga ofisi zao na kwenda pwani kupunga upepo. Siku ya mapumziko wameikubali, wameikataa maana yake tu.

Na maana yake nimeona hata baadhi ya walimu wa nasari hawaijui. Karne ya 19 huko Marekani, mtu wa kiwandani alikuwa akifanya kazi saa 10, saa 12, na wengine zaidi, siku baada ya siku. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi kwa mamia ya maelfu, katika miji mingi ya nchi ile, waliacha kazi wakidai jambo moja: siku ya kazi iwe ya saa 8. Vuguvugu kubwa lilikuwa Chicago. Usiku wa tarehe 4 Mei kulikuwa na mkutano mahali paitwapo Haymarket. Mtu ambaye hajajulikana mpaka leo akatupa bomu, polisi wakapiga risasi, wakafa polisi na wakafa raia. Wakashitakiwa watu 8, na 4 kati yao wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887, bila ya kuthibitishwa kuwa ndio waliolitupa bomu lile. Mwaka 1893 gavana wa jimbo la Illinois, John Peter Altgeld, aliwaachilia watatu waliokuwa bado gerezani, na akaandika kuwa kesi haikuwa ya haki. Kabla ya hapo, mwaka 1889, wasoshalisti waliokutana Paris walikuwa wameshaamua kuwa tarehe 1 Mei 1890 wafanyakazi wa nchi zote wasimame siku moja kudai zile saa 8. Hapo ndipo ilipotoka siku hii. Haikutoka kwa rubani wala kwa wakili. Wakati ule hata ndege hazikuwako.

Marekani wenyewe, kwa kutoipenda tarehe ile yenye damu na siasa, waliifanya siku yao kuwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sheria ya mwaka 1894. Leo huko kwa wengi ni siku ya kufunga msimu wa joto, kuchoma nyama uani na kununua vitu kwa bei ya chini. Jina limebaki, mwenye jina ametolewa nje. Wauzaji wa madukani, ambao nao ni wafanyakazi, hawapumziki kwa sababu wengine wamepumzika. Tukitazama vizuri, sherehe zetu za kofia na tepe ziko njiani kufika huko huko.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Chicago. Marehemu babangu alikuwa kuli wa bandarini Kilindini. Tarehe 13 Januari mwaka 1947, mji wa Mombasa uliamka hauna mtu kazini. Watu kama 15,000 walikuwa wamegoma, na hawakuwa makuli peke yao. Walitoka watu wa reli, wakatoka wa mahoteli, wakatoka hata maboi wa majumbani. Kwa zaidi ya siku kumi walikuwa wakikutana katika uwanja uliokuja kuitwa Kiwanja cha Maskini. Kiongozi aliyejulikana zaidi wa chama kilichozaliwa katika mgomo ule, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti ya mwaka ule ule, akapelekwa kuzuiliwa mbali na mji. Mwaka uliofuata, 1948, ikawa zamu ya Unguja: wachukuzi wa bandarini waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Haya ndiyo ya kuwaeleza wenetu siku ya Mei Mosi. Mtoto wa Mombasa anayeweza kutaja tepe za rubani na hajui kuwa babu wa babake alibeba magunia ya kahawa mgongoni, huyo amefundishwa nini?

Babangu alikuwa akisimulia mgomo ule kwa kicheko. Alikuwa akipenda kusema kuwa siku zile mabibi wa Kizungu walijifunza kuwasha moto wa makaa wenyewe, na moshi ukawatoa machozi ambayo hayakuwahi kuwatoka kwa ajili ya maboi wao. Nasi watoto tukicheka naye. Lakini liko swali ambalo sikuwahi kumuuliza, na sasa hayuko wa kuulizwa: je, na waliokuwa wakifanya kazi katika majumba yetu sisi, siku zile walitoka? Na kama walitoka, sisi tulisema nini?

Swali hili ni zito kwetu watu wa pwani kwa sababu tunayoijua na hatupendi kuizungumza. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani hii ya Kenya mwaka 1907. Si zamani hivyo. Ni umri wa bibi na nyanya zetu. Sheria ilifuta jina, lakini namna ya kumwita mtu wa jikoni haikuandikwa katika sheria yoyote, basi ikabaki. Sikiliza mtoto wako anavyomwita: "We! Maji!" Mjukuu wangu huyu humbusu mkono kila mgeni aingiaye nyumbani, hata ambaye hamjui. Binti huyu ana umri wa mamake, na sikumbuki kumuona akimwamkia asubuhi hata mara moja. Nani alimfundisha? Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alitutazama.

Basi Jumamosi iliyofuata nilifanya jaribio chuoni. Badala ya somo la kawaida niliwakalisha wadogo, wa miaka mitano mpaka minane, nikawaambia tutazungumza khabari za kazi. Nikawauliza: mkeka huu mliokalia, nani aliusuka? Hawakujua. Nikawaonyesha ukili ulivyoungwa, nikawaambia miyaa hukatwa, ikaanikwa, ikachanwa, na mama wa watu akaipitisha vidoleni siku nyingi. Wakaugusa mkeka kama kwamba ni mgeni. Kisha mlango, kisha ukuta, kisha kanzu zao. Walifurahi, kwani mtoto anapenda kujua kitu kimetoka wapi. Hapo nikawauliza: nyumbani kwenu, nani anayeamka mwanzo? Wengi wakasema mama. Wengine wakasema dada, au anti, au yaya. Nikawauliza hao: dada huyo anaitwa nani?

Kimya. Mmoja akasema, "Anaitwa dada." Mwengine akataja jina, kisha akasema labda lilikuwa la yule wa kabla yake. Katika watoto kumi na mmoja ambao majumbani mwao yumo mtu wa kazi, wanne tu walijua jina lake. Hakuna hata mmoja aliyejua anatoka wapi, wala kama ana watoto.

Niliwapa kazi ya nyumbani, na ndiyo kazi ya nyumbani iliyoniletea malalamiko mengi kuliko zote nilizowahi kutoa: nendeni mkamuulize jina lake, kwao ni wapi, na mamake anaitwa nani, kisha mumwamkie. Jumapili nikaletewa ujumbe na mzazi mmoja kuwa sheikh aendelee na alifu na be, mambo ya nyumbani mwa watu yamkome. Nami namjibu hapa hapa, kwa mapenzi: ndugu yangu, ungejua somo la Nabii Musa (A.S.) usingesema hivyo. Kila mtoto wa chuo amesimuliwa jinsi alivyofika Madyan hana kitu, na mzee yule akamwajiri. Ni khabari iliyomo katika Sura ya Al-Qasas. Lakini sisi waalimu huipita haraka mahali penyewe. Muda ulitajwa: miaka minane, na kumi akipenda. Malipo yalitajwa. Mzee akasema wazi kuwa hataki kumtaabisha. Na yote hayo yalisemwa kabla ya kondoo hata mmoja kuchungwa. Mtume mzima wa Mungu alikuwa mwajiriwa, na mwajiri wake hakumwambia "we ingia tu, sisi ni watu wa nyumba moja, tutaangaliana." Nani kati yetu amemweleza binti wa jikoni kazi yake, saa zake na ujira wake kwa uwazi huo?

Sisi tuna neno letu, neno tamu kabisa: "Tunamweka kama mtoto wetu." Neno hili nimelisikia katika kila nyumba, na nimelisema mwenyewe. Basi na tulipime. Mwanao analala juu ya mkeka jikoni, baada ya wageni kuondoka na vyombo kwisha? Mwanao akivunja gilasi unamkata pesa? Wako ametumwa skuli, na huyu, ambaye wakati mwingine ana miaka kumi na minne tu, ametumwa sokoni. Katika urithi si mtoto. Katika harusi si mtoto, ila wa kuosha masufuria. Siku ya kwenda kutembea si mtoto, ni wa kulinda nyumba. Anakuwa mtoto siku moja tu katika mwezi, nayo ni siku ya kulipwa mshahara, kwani mtoto hamdai mzazi.

Tazameni upande wa pili muone. Wenetu wa Mombasa, wa Malindi, wa Tanga, wa Unguja, wanakwenda Saudia, Oman na nchi nyengine za Ghuba kufanya kazi hizi hizi za majumbani. Tunaletewa sauti zao kwenye simu, wakilia: pasipoti imechukuliwa na mwenye nyumba, siku ya kupumzika hakuna, mshahara wa miezi mitatu haujatoka. Tunakusanyika, tunaomba dua, tunawalaani waliowadhulumu, nasi tuna haki ya kukasirika. Lakini huyu wetu aliyetoka Kwale au ndani huko Kilifi, yeye hana mama anayengoja simu? Na kitambulisho chake kiko wapi? Kimo kabatini kwa bibi mwenye nyumba, "kisije kikapotea."

Sheria ya nchi haikumsahau. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mwajiriwa siku moja ya mapumziko, angalau, katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na haikusema isipokuwa aliye jikoni. Tangazo la mshahara wa chini la mwaka 2024 liliweka, kwa mfanyakazi wa nyumbani katika mji kama Mombasa, shilingi 16,113 na senti zake kwa mwezi. Najua hapa msomaji ameguna. Nami niliguna. Kwangu mimi tulikuwa tukitoa 7,000, na tukijiona wakarimu, kwani jirani anatoa 5,000.

Atasema mtu: sheikh, mimi mwenyewe nimeajiriwa dukani, nikitoa hizo nyumba italala njaa. Ni kweli, wala simdharau mwenye udhuru huo. Kufa kwa maisha ya leo hakuko kwa maskini peke yake. Lakini udhuru wa kutoweza kulipa siku nzima ni hoja ya kuajiri nusu ya siku. Si hoja ya kuchukua siku nzima kwa malipo ya nusu. Saa zilizobaki tufanye wenyewe. Bibi Fatuma, binti wa Mtume (S.A.W.), mikono yake iliota sugu kwa kusaga, akaenda kwa babake kuomba mtumishi. Hakupewa. Alifundishwa tasbihi za kusoma wakati wa kulala, akarudi kwenye jiwe lake. Na babake mwenyewe alikuwa akishona viatu vyake na kuwatumikia watu wa nyumbani mwake. Hizi ni khadithi za kuwasimulia watoto siku ya wafanyakazi, na mtoto wa miaka mitano anazielewa vizuri kuliko mgomo wa Chicago, kwani yeye pia ana kikombe, na kikombe chake anaweza kukibeba mpaka jikoni. Wavulana pia, tena wao zaidi. Mikono ya mtoto wa kiume haina ugonjwa wowote unaozuia kuosha sahani.

Nasi wenye madrasa tusijitoe katika maneno haya. Siku ya Mei Mosi yenyewe, Alkhamisi, madrasa yetu ilijaa kuliko siku zote, kwa sababu skuli zimefungwa na wazazi wanataka pa kuwaweka watoto. Maustadhi vijana walifanya kazi asubuhi na jioni. Mmoja wao alikuwa hajalipwa tangu Rajabu. Kamati ikiulizwa husema kazi ya Qur'ani ina malipo yake kwa Mungu, na hilo ni kweli, lakini mwenye nyumba anayompangisha ustadhi hapokei thawabu mwisho wa mwezi. Hilo nitaliandikia siku nyengine, Inshaallah, maana linanikera mno na nikilianza leo sitalimaliza.

Narudi kwangu. Niliahidi kuwa lawama ni yangu, na bado sijaieleza yote. Binti huyu, alipokuja mwaka 2024, tulimwambia kuwa pesa zake tutamwekea, ili zisipotee ovyo, na siku akienda kwao achukue kwa pamoja. Ndivyo wazee wetu walivyokuwa wakifanya. Akakubali, na angekataaje? Mvua za Aprili zikaja, bati za upande wa nyuma zikavuja, na mimi nikachukua katika zile pesa. Nilijiambia nimekopa. Lakini aliyekopwa hakuulizwa wala hakuambiwa, na mimi ndiye niliyekaa juu ya mimbari mara ngapi sijui, nikiwaeleza watu ile khadithi ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.) kuwa yeye mwenyewe atakuwa mshindani, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaitimiza kazi yake, na asimpe ujira wake. Nilikuwa nikiisoma kwa sauti kubwa.

Usiku wa ile Jumapili nilizungumza na watu wa nyumbani kwangu. Mke wangu alikasirika mwanzo. "Nimemdhulumu nini mimi? Anakula tunachokula, nguo za Idi namshonea." Nikamwambia hukumdhulumu wewe, nimemdhulumu mimi, na wewe umemjibu mtoto. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwani ni miezi mingapi?" Tukahesabu. Ilikuwa mitano. Shilingi 35,000.

Sikuwa nazo. Nilikopa 20,000 kwa ndugu yangu, safari hii nikimuuliza mwenye mali, na nyengine tukazipata kwa kuuza kile kitanda cha zamani cha chumba cha wageni. Mwisho wa Mei zilikamilika. Tumekubaliana pia kuwa binti afanye kazi mpaka alasiri, Jumapili asije, na apewe 11,000 kila tarehe mosi mkononi mwake. Bado si haki yake kamili, najua, na mke wangu anajua, na yeye mwenyewe sasa anajua kwani nilimsomea lile tangazo. Wakwe zangu wawili wamegawana kupika kwa usiku. Kuna kunung'unika. Chai ya Jumapili siku hizi huja saa tatu.

Pesa nilizitia katika bahasha, nikamwita yule rubani wetu, nikamwambia ampelekee. Jina lake silitaji hapa kwa kumstahi, lakini mjukuu wangu alimwita kwa jina hilo, akampa kwa mikono miwili kama nilivyomwelekeza. Binti akafungua, akahesabu palepale mlangoni, polepole, noti moja moja, kisha akahesabu tena. Mtoto akanirudia mbio.

"Babu, mbona nyingi hivyo?"

"Ni zake za miezi mitano."

Akafikiri. "Zilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha bati.